Tunahamia Leeds na watoto watatu. Tukae mtaa gani?

Swali: Shikamoo dada. Mume wangu ni mhadhiri hapa Morogoro, amepata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, miaka minne kuanzia Oktoba. Tunakwenda wote: binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 8 na mdogo wa miaka 4. Kila tunayemuuliza anatutajia mtaa wake. Mmoja kasema Headingley, mwingine kasema tusithubutu kukanyaga Harehills, na kuna dalali wa WhatsApp anataka tulipe sasa hivi kabla nyumba haijachukuliwa. Mtaa gani ni mzuri na salama kwa watoto? Sisi ni Waislamu, kama hilo lina uzito. Na ubaguzi je, upo?

Marahaba, mdogo wangu. Hongereni kwa ufadhili.

Tuanze na huyo dalali, maana ana haraka kuliko sisi wote. Usimtumie hata shilingi. Picha za nyumba huchotwa kwenye matangazo ya kweli, zikabandikwa namba ya mtu asiyejulikana aliko, na kila mwaka ukifika Septemba napigiwa simu na familia iliyosimama na mabegi mbele ya mlango wa watu. Kuna mambo ya sheria yatakayokusaidia kumtambua mwongo mapema. Huko umezoea dalali achukue kodi ya mwezi mmoja kutoka kwako mpangaji. England jambo hilo limepigwa marufuku tangu 2019. Dalali hulipwa na mwenye nyumba. Pesa ya kushikia nyumba haitakiwi kuzidi kodi ya wiki moja, amana haizidi kodi ya wiki tano, na amana hiyo lazima isajiliwe ndani ya siku 30 katika mojawapo ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali, ili mkija kugombana mwishoni kuwe na msuluhishi. Mpaka juzi juzi wanafunzi wa kigeni wasio na mdhamini wa Uingereza walikuwa wakidaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama tulivyozoea Kariakoo. Sheria mpya ya wapangaji imekata hilo: kuanzia tarehe 1 Mei 2026 mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya mwezi mmoja mbele, wala kumkataa mtu kwa sababu ana watoto, na mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya miezi miwili. Hilo la mwisho likumbuke. Maana yake nyumba ya kwanza si ndoa.

Sasa mtaa. Nimeishi Leeds miaka 17, na sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa nikizisaidia familia ngeni kutafuta nyumba. Ushauri wangu ni huu: tafuta kwanza shule yenye nafasi, halafu itafutie shule hiyo nyumba.

Najua unasikia kama nimeanzia mkiani. Huko Morogoro mtu anahamia mtaa, kisha shule inajulikana baadaye, kwa sababu mtoto hulelewa na mtaa mzima. Akitoka shule anapita kwa jirani, anakunywa uji, anacheza mpaka wewe urudi, na nyumbani yuko dada. Huku hakuna dada, na jirani utamjua jina baada ya miezi minne. Shule ya msingi haimwachii mtoto wa miaka 4 kutoka getini mpaka aonekane mtu mzima wanayemjua, na shule nyingi hazimwachii wa miaka 8 pia. Mwaka wa shule una siku 190. Kwa hiyo mara 380 kwa mwaka mmoja wenu atakuwa anatembea njia ile, mvua inanyesha, anasukuma au anavuta mtoto. Hiyo njia ndiyo mtaa wenu. Mengine utayaona Jumamosi.

Nilijifunza kwa kuumia. Sisi tulichukua nyumba kwenye mtaa ambao kila Mtanzania alitusifia, miti pande zote, majirani wanapogoa maua. Shule zote za karibu zilikuwa zimejaa. Mkubwa akapewa shule ya dakika 20 upande mmoja, mdogo akapewa ya dakika 25 upande wa pili wa barabara kuu. Moja ilitoa watoto saa tisa na dakika kumi, nyingine saa tisa na robo. Hesabu mwenyewe. Kila siku nilimkuta mdogo amekalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mapokezi, koti limefungwa mpaka kidevuni, begi mapajani, anauangalia mlango. Walimu hawakunisema vibaya hata siku moja, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Baada ya miezi minane tukahamia mtaa usio na sifa yoyote, nyumba za matofali mekundu zilizobanana, dakika sita kutoka shule iliyowapokea wote wawili. Miti ile sikuikumbuka.

Namna ya kuitafuta shule. Ninyi mtaingia katikati ya mwaka au baada ya tarehe za kawaida za maombi kupita, kwa hiyo hamtachagua kama wenyeji wanavyochagua. Mtachukua palipo na nafasi. Halmashauri ya Jiji la Leeds inawajibika kisheria kumwambia mzazi anayeuliza ni shule zipi zimebakiwa na nafasi, na katika madarasa gani. Waandikie barua pepe hata ukiwa hapo Morogoro, taja tarehe za kuzaliwa za watoto, omba orodha. Nafasi yenyewe hawatakupa kwa anwani ya Morogoro, watataka uthibitisho wa mahali mnapoishi, lakini orodha ile inakuonyesha upande gani wa jiji una hewa. Mkishafika na kuomba, jibu linatakiwa litoke ndani ya siku 15 za shule.

Darasa hupangwa kwa tarehe ya kuzaliwa tu, kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka 31 Agosti. Hakuna kurudia darasa, hakuna mtihani wa kuingia shule za kawaida za serikali, na Kiingereza kikiwa kigumu mtoto hatashushwa, atasaidiwa humo humo. Anayetimiza miaka 4 kabla ya Septemba anaanza darasa la mapokezi Septemba hiyo hiyo. Hapo ndipo penye shida yenu, kwa sababu darasa hilo na mawili yanayofuata yana ukomo wa kisheria wa watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Wakisema limejaa, limejaa. Madarasa ya juu yana ulegevu kidogo, kwa hiyo mvulana wako atapata kwa urahisi zaidi, na akishaingia, mdogo wake hupanda juu kwenye orodha ya kusubiri, kwa kuwa shule nyingi huwapa kipaumbele ndugu. Orodha hiyo haiendi kwa nani aliwahi. Mtu anayehamia kesho jirani na shule anaweza kukupita wewe uliyesubiri tangu Oktoba. Usimkasirikie karani, ndivyo kanuni zilivyo.

Binti wa miaka 12 asikupe homa. Yuko sekondari, na watoto wa sekondari huku hupanda basi wenyewe, wamejaa ghorofa ya juu wanapiga kelele. Nyumba ichaguliwe kwa ajili ya wale wawili wadogo. Yeye ataelewa, ingawa hatakiri.

Neno juu ya sifa za shule. Utaambiwa shule fulani ni "bora kabisa" kwa mujibu wa Ofsted, wakaguzi wa serikali. Alama ile ya neno moja ilifutwa Septemba 2024. Siku hizi hutolewa ripoti yenye vipengele. Madalali bado wanaitaja kwa kuwa inapandisha kodi. Mimi huwaambia watu waisome ripoti yenyewe, kisha wapige simu shuleni waulize kama kuna klabu ya asubuhi na ya jioni, inafunguliwa saa ngapi na bei yake. Mume wako akiwa maabara na wewe umepata kazi, klabu ya kuanzia saa mbili kasorobo asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni itawafaa kuliko sifa zote. Sikiliza pia anayekupokelea simu anavyoongea na mtu mwenye lafudhi.

Tuje kwenye jiji. Leeds haina tramu, za mwisho ziliondolewa mwaka 1959, wala treni za chini ya ardhi. Ni mabasi. Chuo kiko kaskazini kidogo ya katikati ya jiji, na mitaa inayowahusu inapanda kaskazini kutoka hapo kama vidole vya mkono. Hyde Park na sehemu ya Headingley iliyo karibu nayo ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Aliyekutajia Headingley hakukosea, ila ana umri wa miaka 23. Mikataba mingi huko huanza Julai mosi, na ikikaribia siku hiyo barabara hujaa makochi na magodoro yaliyotupwa. Usiku wa Jumatano hakulaliki. Ukipanda zaidi, kuelekea Meanwood, familia huongezeka, kuna bustani kubwa yenye kijito ambamo watoto huloa kila wikiendi, na basi la kwenda chuo halichukui muda mrefu. Ningeanzia Meanwood. Kirkstall na Burley, upande wa mto, kodi huwa nafuu na nyumba za familia zipo, ila barabara kuu ina magari mengi, angalia shule iko upande upi. Moortown na Roundhay ni pazuri, Roundhay ina bustani ya hekta zaidi ya 280, na bei inalijua hilo. Chapeltown ni mtaa wa watu wa Karibiani na Waafrika tangu zamani, kanivali yao ilianza mwaka 1967 na bado hufanyika kila Agosti; ina jina baya kwa watu ambao hawajawahi kushuka basi pale.

Harehills nayo umeambiwa msithubutu. Mimi nanunua unga wa muhogo, ndizi na bamia Harehills karibu kila wiki. Ni mtaa wa watu wa kila taifa, wenye umaskini wa kweli na nyumba ndogo, na familia nyingi nzuri zinalea watoto pale. Nikiwashauri ninyi, sababu yangu ya kusita ni nyumba zenyewe. Nyingi ni za mgongo kwa mgongo: ukuta wa nyuma wa nyumba yako ndio ukuta wa nyuma wa jirani, kwa hiyo hakuna dirisha la nyuma, hakuna uwani, mlango unafunguka moja kwa moja barabarani na nguo huanikwa kwenye kamba zinazovuka mtaa. Serikali ilikataza kuzijenga mwaka 1909, lakini Leeds kwa ujanja wa ramani zilizopitishwa kabla iliendelea kuzijenga hadi miaka ya 1930. Hewa haipiti sawasawa, na mkiwa watu watano mnapika, mnaoga na kukausha nguo ndani wakati wa baridi, unyevu hauna pa kutokea.

Unyevu huo wengi wetu hatuuogopi inavyostahili, kwa sababu kwetu ukuta ukilowa jua linaumaliza. Mwaka 2020 mtoto wa miaka miwili alifariki Rochdale, si mbali na huku, kwa sababu ya ukungu uliojaa kwenye nyumba yao ya kupanga, na kifo hicho kikazaa sheria. Siku ya kuangalia nyumba mume wako avute kabati kidogo kutoka ukutani chumba cha kulala, aangalie nyuma yake chini kwenye pembe. Kama kuna madoadoa meusi, au kama chumba kimoja tu kimepakwa rangi mpya na vingine vichakavu, aondoke. Aguse ukuta wa upande wa nje kwa kiganja. Aulize alama ya nishati ya nyumba, ambayo ni herufi kuanzia A hadi G; ya kupangisha hairuhusiwi kuwa chini ya E, na mimi nawaambia watu wenye watoto wasikubali chini ya D, la sivyo kitakachookolewa kwenye kodi kitaliwa na gesi.

Usalama. Polisi wana ramani kwenye intaneti, police.uk, inayoonyesha matukio ya kila mwezi mtaa kwa mtaa. Isome kwa akili. Katikati ya jiji kutaonekana kunawaka moto kwa sababu kuna baa na maduka, na wizi wa madukani huhesabiwa humo. Angalia aina ya matukio, usiangalie jumla. Halafu ingia kwenye picha za barabara za Google, utembee pole pole kwenye mtaa wenyewe ukiwa umekaa kitako Morogoro. Ukiona trampolini nyuma ya nyumba, baiskeli ndogo, mapazia ya vyumba vya watoto, hapo kuna familia. Ukiona vibao vya "To Let", yaani inapangishwa, kila nyumba ya tatu na mapipa ya taka yamefurika, hapo watu wanapita tu. Atakapofika, mume wako aende mtaani mara mbili: saa tisa alasiri shule zinapotoka, na saa tatu usiku wa Ijumaa. Desemba huku jua linazama saa kumi kasorobo. Mtoto anatoka shule mwanga unakatika. Taa za barabarani na kivuko chenye mwangalizi ni vitu vya kuhesabiwa.

Dini ina uzito, ndiyo, na kwa bahati nzuri haitawabana. Msikiti mkubwa wa karibu na chuo, Leeds Grand Mosque, uko Hyde Park kwenye jengo lililokuwa kanisa Katoliki, na Waswahili utawakuta Ijumaa. Mume wako atatembea kutoka chuo. Madrasa za watoto za jioni zipo mitaa mingi. Msihamie Hyde Park kwa ajili ya msikiti peke yake. Kwa basi unafikika.

Ubaguzi upo, sitakuficha. Agosti 2024 kulikuwa na ghasia katika miji kadhaa ya England, na Rotherham, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa, walivamia hoteli ya waomba hifadhi. Wiki ile wengi wetu hatukutoka. Siku za kawaida ubaguzi ni mdogo mdogo: dalali ambaye nyumba "imechukuliwa" akisikia jina lako, mtoto anayeulizwa kama Afrika kuna nyumba. Kipimo changu ni geti la shule. Simama pale saa tisa. Kama kuna mama wa Kipakistani anacheka na mama wa Kipolandi, baba Mnaijeria kaegemea uzio, bibi Mwingereza anawasalimia wote, watoto wako watapita. Kama kila kundi limesimama kivyake, utaliona hilo nalo. Kukaa karibu na Watanzania wenzako kunasaidia mwezi wa kwanza, mtu akuonyeshe namna ya kuwasha boila, mtambo wa kupasha moto maji na nyumba. Lakini nimeona watu wakifuata mwenzao mtaa wa mbali, na mwenzao akahama Februari.

Pesa kidogo. Kwenye matangazo utaona kodi ya halmashauri, daraja A hadi H; hiyo si kodi ya pango, ni ya kulipa halmashauri ya jiji. Nyumba ya mwanafunzi wa muda wote husamehewa, na mwenzi wake asiye raia ambaye viza inamzuia kupokea misaada ya serikali hahesabiwi, kwa hiyo mara nyingi familia kama yenu hailipi chochote. Chuo kitatoa barua, ipelekeni wenyewe, hawatakufuateni. Shule na chakula cha mchana cha madarasa matatu ya kwanza ni bure na havivunji masharti ya viza. Posho ya watoto msiiombe kabisa hata jirani akikuambia yeye anapata, hiyo inavunja.

Ningekuwa wewe, mume angetangulia peke yake. Akae chumba cha muda wiki sita, apate orodha ya shule, atembee njia kwa miguu akiwa na saa mkononi, asaini nyumba, ndipo ninyi mje Januari muhula unapoanza. Najua watoto watalia. Binti anaweza kumaliza mwaka wake huko vizuri na kuwaaga rafiki zake, jambo ambalo kwa umri wake si dogo. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo na ripoti za shule za watoto wote watatu uviweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Sanduku letu moja lilifika siku tisa baada yetu.